Jeni za usugu wa dawa wodini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Moshi

Nafanya kazi ya maabara hapa Moshi, upande wa kuotesha bakteria. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa dirishani pa kuchukulia majibu, kwenye daladala ya Kiboriloni, na mara nyingine msibani, pale familia inapoambiwa kwamba "dawa zilikataa" na hakuna aliyewaeleza zilikataaje. Nimeyaacha kwa mpangilio ambao watu huyauliza, swali moja likizaa jingine.

Nimetumia amoksisilini miaka mingi. Si mwili wangu ndio umeizoea?

Hapana. Mwili hauzoei antibiotiki kama ulimi unavyozoea pilipili. Dawa hizi zinamlenga bakteria, na aliyebadilika ni bakteria. Ndiyo maana kichanga cha siku tatu, ambacho hakijaonja dawa yoyote maishani, kinaweza kuugua kwa bakteria asiyesikia karibu kila kilichomo kwenye kabati la wodi. Bakteria huyo alikuwa sugu kabla hajamfikia mtoto.

Naanza na hili kwa sababu anayedhani ni mwili wake uliozoea huona kwamba akikaa mwaka mzima bila dawa atakuwa salama. Usugu unahama. Unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na unatoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine ambaye si hata wa jamii yake. Hilo la pili ndilo wengi hawajawahi kulisikia, na ndilo lililonifanya niandike.

Jeni ya usugu inafanya nini hasa?

Jeni ni kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani. Jeni ya usugu ina maelekezo ya kujikinga na dawa. Iko inayotengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo penisilini na ndugu zake wengi wanavyoshindwa. Iko inayotengeneza pampu ya kuitapika dawa nje ya seli. Na iko inayobadilisha mahali dawa inapojishikiza, dawa ikifika haipati pa kukamata. Bakteria Staphylococcus aureus aliye sugu kwa methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, huitwa MRSA, naye anatumia mbinu hii ya tatu. Methisilini ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 Uingereza ilikwisharipoti bakteria walioishinda.

Inahamaje kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine? Bakteria si wanazaana tu?

Wanazaana kwa kugawanyika, na kila mtoto hurithi alichonacho mzazi, kama chipukizi la mgomba kihambani linavyofanana na mgomba mama. Urithi huo upo na una nguvu. Lakini bakteria wana urithi mwingine wa pembeni, ambao sisi binadamu hatuna.

Mbali na kromosomu yake kubwa, yaani uzi mkuu wa vinasaba vyake, bakteria anaweza kubeba viduara vidogo vya vinasaba vinavyoitwa plasmidi. Plasmidi si lazima kwa maisha yake ya kila siku, lakini mara nyingi humo ndimo jeni za usugu zinamokaa. Bakteria mwenye plasmidi ya aina fulani hutoa mrija mwembamba, humnasa jirani yake, humvuta karibu hadi wagusane, kisha hupitisha nakala. Aliyetoa haipotezi yake. Fikiria fundi wa kuchonga funguo: mtu anakuja na ufunguo mmoja, wanaondoka wawili, na kila mmoja sasa anafungua mlango uleule. Aliyepokea naye anaweza kumchongea wa tatu, siku hiyohiyo.

Tena wanaopeana si lazima wawe aina moja. E. coli anayeishi kwa amani utumboni mwako anaweza kumpa Klebsiella, akampa Salmonella, akampa Shigella wa kuhara damu.

Hili la mwisho liligunduliwa kwa uchungu. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum, huko Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba E. coli huchanganya vinasaba vyao, lakini ilionekana ni jambo la maabara. Miaka ya 1950 Japani ikapata milipuko ya kuhara damu, na Shigella wakaanza kuonekana ambao ni sugu kwa dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Bakteria kubadilika kwa bahati mara nne kwa wakati mmoja ni jambo lisiloingia akilini. Kisha watafiti wakagundua kwamba wagonjwa haohao walikuwa na E. coli sugu kwa dawa zilezile nne. Mwaka 1959 wanasayansi wa Kijapani wakaonyesha kwamba usugu huo wote hupita kama furushi moja kati ya E. coli na Shigella wanapochanganywa. Kila nikiona karatasi ya majibu yenye dawa nne zilizokataa, nakumbuka habari hii.

Hiyo ndiyo njia pekee?

Ziko nyingine mbili. Bakteria akifa na kupasuka, vinasaba vyake humwagika, na baadhi ya walio jirani wanaweza kuviokota. Dalili ya kwanza ya jambo hili aliiona Frederick Griffith mwaka 1928 kwa bakteria wa nimonia. Na virusi wanaoshambulia bakteria huweza kubeba kipande cha vinasaba kimakosa kutoka seli moja na kukidunga katika nyingine, jambo lililoelezwa mwaka 1952. Kwa bakteria wa utumbo wanaosumbua wodi zetu, plasmidi ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo antibiotiki ndiyo inayotengeneza hizo jeni?

Haizitengenezi, inazichagua. Jeni hizi ni kongwe kuliko hospitali yoyote. Antibiotiki nyingi asili yake ni fangasi na bakteria wa udongoni, na kinga dhidi yake imekuwepo udongoni humohumo. Mwaka 2011 watafiti walieleza jeni za usugu walizozikuta katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada.

Kinachofanywa na dawa ni kufyeka shamba. Tuseme utumboni mwako bakteria mmoja tu ana jeni ya usugu, na mamilioni ya wenzake hawana. Bila dawa huyo mmoja anabanwa na wengi. Ukimeza dawa, wengi wanakufa, nafasi na chakula vinabaki vyake. E. coli akipata mazingira mazuri kabisa hugawanyika kila baada ya dakika 20; kwa mwendo huo mmoja anakuwa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Utumboni mwendo ni wa polepole kuliko huo, lakini hesabu inaelekea kulekule. Na sasa hao wengi ndio watakaokutana na majirani na kuwachongea funguo.

Mgonjwa wetu alichomwa sindano za seftriaksoni tu. Mbona jentamisini na kotrimoksazoli nazo zimekataa?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana anayeliuliza amesoma karatasi yake vizuri.

Jeni za usugu hazikai peke yake. Ziko jeni zinazoruka, zikiwa na uwezo wa kujichomoa sehemu moja ya vinasaba na kujichomeka nyingine. Barbara McClintock aligundua vipande vya namna hiyo kwenye mahindi, na mwaka 1983 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa bakteria, kuruka huko hukusanya jeni mbalimbali kwenye plasmidi moja: ya kukata seftriaksoni, ya kuizima jentamisini, ya kuipita kotrimoksazoli, zote zimefungwa pamoja. Ukitumia dawa moja kati ya hizo, unalinda furushi zima. Ndiyo sababu kuacha kutumia dawa moja peke yake, huku nyingine zikimwagwa, huwa hakurudishi nguvu ya ile iliyoachwa.

Jeni maarufu kuliko zote za kuikata seftriaksoni ni kundi linaloitwa CTX-M. Asili yake ni kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa kwenye mazingira ambaye ni nadra kumuuguza mtu. Jeni ikaruka kutoka kwake ikaingia kwenye plasmidi, plasmidi ikaingia kwa E. coli na Klebsiella, na leo CTX-M-15, mojawapo ya kundi hilo, inapatikana hospitalini kila bara, Tanzania ikiwemo.

Kwa nini hasa hospitalini?

Kwa sababu pale vimekutana vitu vitatu: watu wasio na nguvu ya kupambana, dawa nyingi zinazofyeka bila kupumzika, na njia za kupita. Viwili vya kwanza havikwepeki, kwani hospitali ni ya wagonjwa na wagonjwa wanahitaji dawa. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye njia.

Njia ya kwanza ni mikono. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi anabadilisha dripu hapa, anageuza mgonjwa pale, anashika faili, anapokea simu. Simlaumu. Niliwahi kufanya kazi katika hospitali moja, siitaji jina, ambako bomba la wodi ya watoto wachanga lilikuwa likikauka kuanzia saa nne asubuhi, na sabuni ilikuwa ya kununuliwa na wauguzi wenyewe. Katika wiki mbili tukaotesha Klebsiella sugu kutoka kwa vichanga watatu. Wa nne alikuwa na E. coli, bakteria wa aina nyingine kabisa, lakini orodha ya dawa zilizokataa ilikuwa ileile, neno kwa neno. Tulikaa kimya tukiitazama ile karatasi. Mfanano wa namna hiyo hautoshi kuwa ushahidi, lakini unaonyesha pa kutazama: huenda kilichohama si bakteria tu, ni plasmidi.

Njia ya pili ni mipira. Mpira wa mkojo, kanula ya mshipani, mrija wa kupumulia: juu ya plastiki bakteria hujenga utando wa ute, wakakaa humo wamebanana. Dawa hupenya humo kwa shida, na majirani wanagusana mchana kutwa. Kila siku ambayo mpira unakaa bila sababu ni siku ya kupeana jeni.

Ya tatu haikumbukwi sana, nayo ni maji machafu: sinki, mtaro wake, beseni la kuogeshea. Bomba la chini ya sinki lina utando uleule, na maji yakidondoka kwa nguvu hurusha matone. Dawa iliyobaki kwenye dripu ikimwagwa kwenye sinki la kunawia, hao wa chini wanapata mafunzo. Bakteria aitwaye Acinetobacter naye anaweza kukaa juu ya sehemu kavu, kama reli ya kitanda au meza, kwa wiki nyingi.

Kuna mtu hapa kwetu anayezisoma jeni hizi?

Wapo. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, ina taasisi ya utafiti jirani yake, KCRI, na watafiti wake wamesoma vinasaba vyote vya bakteria waliooteshwa kutoka kwa wagonjwa. Mwaka 2018 walichapisha majibu ya Staphylococcus aureus, na pia ya E. coli. Kwa E. coli waligundua koo nyingi tofauti za bakteria huyo kati ya wagonjwa. Hili lina maana kubwa kwa mada yetu. Kama ingekuwa ukoo mmoja tu unaotembea kitanda hadi kitanda, ungeukamata ukoo huo na kazi imekwisha. Koo zikiwa nyingi, unalazimika kufuatilia pia jeni zenyewe, maana zinaweza kuwa zinapita kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Kuotesha kwa kawaida kunakuambia dawa ipi inafanya kazi. Kusoma vinasaba kunakuambia jeni ipi, iko kwenye plasmidi au kromosomu, na imetoka wapi.

Kifua kikuu sugu kinachotibiwa hospitali ya Kibong'oto nacho husambaa hivi?

Hapana, na ni vizuri kutovichanganya. Bakteria wa kifua kikuu hapeani plasmidi za usugu. Usugu wake hutokana na mabadiliko ndani ya kromosomu yake mwenyewe, yanayopata nafasi dawa zikikatizwa au zikiwa pungufu, kisha mgonjwa huambukiza wengine kwa hewa. Kwa kifua kikuu, kumeza dawa kila siku hadi mwisho ndiyo silaha kuu. Hapo hakuna mjadala.

S, I na R kwenye karatasi ni nini? Na ESBL?

S ina maana dawa inatarajiwa kufanya kazi, R haitarajiwi. I iko katikati, na daktari anaweza kuitumia kwa dozi kubwa zaidi au mahali dawa inapojikusanya vizuri. Usiamue mwenyewe kwa kuhesabu herufi. ESBL ni alama ya kwamba bakteria ana vimeng'enya vya kukata seftriaksoni na jamii yake. Ukiona neno karbapenemasi (kimeng'enya cha kukata dawa za akiba) au NDM (mojawapo ya hivyo), jambo ni zito zaidi: hata meropenemu, dawa ya akiba, inakatwa. NDM-1 ilitambuliwa mwaka 2008 kwa Klebsiella kutoka kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa India, na baada ya miaka michache ilikuwa imeonekana katika mabara mengi.

Vitakasa mikono navyo havileti usugu?

Vya alkoholi havifanyi kazi kama antibiotiki. Alkoholi huvunja utando na protini za seli nzima, na jeni zinazokata seftriaksoni hazina la kufanya hapo. Tumia bila hofu. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharisha, maji tiririka na sabuni ni bora.

Nafuga kuku wa nyama Pasua. Nahusika?

Unahusika. Oksitetrasaiklini inayotiwa kwenye maji ya kuku walio wazima, ili tu "wasiugue", inafyeka shamba lilelile nililolieleza juu. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, iliyoko kwenye plasmidi, inayoishinda kolistini, dawa ya akiba ya binadamu. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Kuku akiugua mwite ofisa mifugo, na baada ya dawa ngoja siku zilizoandikwa kabla ya kuuza.

Nikipata nafuu siku ya tatu nikaacha dawa, nimezalisha usugu?

Meza siku ulizoandikiwa, na kama unaona zimezidi, rudi kwa aliyekuandikia. Kwa baadhi ya magonjwa utafiti umeonyesha kwamba siku chache zinatosha, kwa hiyo si kweli kwamba nyingi ni bora daima. Kinachonisumbua zaidi ni antibiotiki inayomezwa kwa mafua, wakati mafua ni ya virusi na hayasikii dawa hiyo hata chembe; vidonge vinne vya rangi mbili vilivyonunuliwa kwa sababu pesa imeishia hapo; na vilivyobaki vya jirani.

Tukiacha kutumia dawa, jeni zitapotea?

Zinaweza kupungua, kwa mwendo mzito. Kubeba plasmidi kunamgharimu bakteria, hivyo dawa ikikosekana asiye nayo hupata nafasi. Lakini baadhi ya plasmidi zina hila: hutengeneza sumu inayodumu pamoja na kizuia-sumu kisichodumu. Bakteria akiipoteza plasmidi, kizuia-sumu kinaisha mapema, sumu inabaki, naye anakufa. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kuzuia jeni isiingie wodini kuliko kuitoa.

Tunakuja kumwona mgonjwa. Tufanye nini?

Njooni wachache. Najua kwetu mgonjwa hutembelewa na ukoo, na mtori unaletwa kwenye hotipoti kutoka Machame ukiwa bado wa moto; uleteni, unampa nguvu. Nawa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, nawa kabla ya kumlisha. Usikae kitandani kwake kisha ukaenda kukaa kitanda cha jirani kumpa pole. Usiguse mfuko wa mkojo, na usiuinue juu ya kiuno chake. Kila asubuhi muulize muuguzi kwa heshima: "Dada, huu mpira bado unahitajika?" Swali hilo halimkosei mtu. Nimewaona wauguzi wakishukuru kwa kukumbushwa.

Mama ameruhusiwa, lakini majibu yanasema ana bakteria wa ESBL. Tumtenge?

Msimtenge. Ale nanyi, alale chumba chake cha kawaida, awabebe wajukuu. Kama hana dalili, huenda ni mbebaji tu: bakteria wako utumboni mwake bila kumdhuru, na wanaweza kukaa miezi. Hahitaji antibiotiki ya "kuwasafisha". Hiyo itawapa nafasi zaidi. Kinachohitajika ni sabuni chooni, kila mtu anawe akitoka, na anayepika anawe kabla ya kushika chakula. Kama ana mpira wa mkojo nyumbani, anayeumwaga mfuko anawe kabla na baada.

Ile karatasi ya majibu msiitupe. Ikunjeni muiweke ndani ya daftari lake la kliniki, na siku akipata homa tena, iwe hospitali ya Mawenzi, ya Mount Meru au zahanati ya kijijini, toeni karatasi hiyo kabla hajachomwa sindano ya kwanza. Itamwokolea siku mbili tatu za kupewa dawa ambayo tayari tunajua haitafanya kazi.